Askofu Kataliko: mzee aliyeuliza feza ya inchi inafanya kazi gani

Tarehe 4 mwezi wa kumi 2000, Emmanuel Kataliko, askofu mkuu wa Bukavu, alifariki huko Roma kwa ugonjwa wa moyo. Alikuwa amemaliza siku 20 tu tangu arudi muji wake kutoka uhamishoni.

Kataliko alizaliwa mwaka wa 1932 kwa Wanande wa Kivu ya Kaskazini. Mwaka wa 1966 alipewa jimbo la Beni, lililoitwa baadaye Butembo-Beni, akaliongoza miaka 30 hivi. Wakati ule serikali ya Mobutu ilikuwa imeacha barabara ziharibike. Yeye akasukuma waamini na wafanyabiashara wachange feza na nguvu zao. Hesabu ilikuwa rahisi: lori likikwama kwenye matope, mali inaoza, mwenye duka anapata hasara na mulimaji hauzi kitu. Kwa hiyo faida ya mutu mumoja inategemea kazi ya wote. Barabara zilifunguliwa, shule na vituo vya afya vikajengwa, na mwaka wa 1989 ikaanzishwa Université Catholique du Graben, watoto wasomee palepale Butembo.

Mwaka wa 1997 alitumwa Bukavu, kwenye kiti cha Askofu Munzihirwa aliyeuawa tarehe 29 mwezi wa kumi 1996. Mwaka uliofuata muji ukashikwa na RCD, iliyosaidiwa na Rwanda. Kwa Noeli ya 1999 Kataliko aliandika barua kwa waamini. Alisema wazi kwamba mali ya inchi, ambayo ingesomesha watoto na kutunza wagonjwa, inalipa vita vya kuua wenyeji, na kwamba Wakongomani wengine wanashirikiana na wageni katika kazi hiyo.

Barua hiyo ilimuletea taabu. Tarehe 12 mwezi wa pili 2000 RCD ilimukataza kuingia Bukavu, ikamufukuza mpaka Butembo. Parokia na masomo ya Kikatoliki zikafunga milango kwa kumudai. Alirudi tarehe 14 mwezi wa tisa, watu wakajaa barabarani kumupokea.

Alichofundisha Butembo na Bukavu kilikuwa kitu kimoja: feza ya watu lazima ionekane kwenye maisha ya watu. Hilo linamuhusu anayetunza sanduku la likelemba kule Kadutu sawasawa na mukubwa anayetia sahihi kwenye mikataba ya madini.