James Watt: miaka 11 juu ya mashini moja

Umeme ikirudia magaribi, angalieni ampuli ya mu nyumba ama moteri ya pompi ku kazi. Mutaona alama W, ni kusema wati. Ni jina ya mutu: James Watt, muzaliwa wa Uskoti. Wengi wanajua habari yake na mashini ya mvuke. Juma hii sisi tunapenda kueleza kintu ingine: wazo alilipata mu 1765, lakini mashini yenyewe ilianza kuvuta maji mu mine mu 1776. Miaka 11! Alikuwa anafanya nini?

Alizaliwa 1736 mu Greenock, muji wa bandari. Baba yake alikuwa anatengeneza mashua na kufanya biashara. Mutoto alikuwa mugonjwa-mugonjwa, kichwa kilimuuma mara na mara, lakini mikono yake ilikuwa ya fundi. Mu 1757 chuo kikuu cha Glasgow kilimupatia chumba cha kutengenezea vyombo vya kupimia. Mu 1763 wakamuletea mufano mudogo wa mashini ya Newcomen, atengeneze kwani ulikuwa haufanyi kazi muzuri.

Wenye kushuka mu mine wataelewa mbiyo. Mashini za Newcomen zilikuwa zinavuta maji mu mashimo ya makaa tangu 1712. Mvuke unaingia mu silinda, wanamwanga maji ya baridi ndani, mvuke unageuka maji, hewa ya inje inasukuma pistoni chini, pompi inainuka. Kisha silinda ile ile inapaswa kupata moto tena. Makaa yanaisha paka juu ya kuipasha. Silinda moja ilipewa kazi mbili zenye kupingana: kuwa moto na kuwa baridi.

Siku moja ya Mungu mu 1765, Watt anatembea mu uwanja wa Glasgow, wazo likafika: mvuke ukapoe mu chombo kingine, pembeni. Silinda ibakie moto saa zote. Kila chombo na kazi yake. Kisha siku chache tu alikuwa na mufano mudogo kwa meza.

Hapa njo mateso yalianza. Mufano wa ku meza si mashini ya mu mine. Mashini kubwa ilivujisha mvuke kandokando ya pistoni, juu mafundi wa wakati ule walikuwa wanapiga silinda na nyundo, nayo haikuwa ya muviringo sawasawa. Watt akajaribu kuziba na nguo, na karatasi, na kitambaa cha kofia, hata na mavi ya farasi. Ikigoma, anabadilisha. Ikikubali kidogo, anaona kasoro ingine, anabadilisha tena. Hakuweza kuacha kintu chenye kasoro.

Tena yeye mwenyewe alikuwa sawa silinda ya Newcomen! Alikuwa na duka, anauza vyombo vya kupimia na filimbi. Alikuwa na sehemu mu kampani ya vyungu. Na zaidi ya yote alikuwa anapima njia za mifereji ya maji. Tusimuhukumu mbiyo. Mwenye watoto nyumbani hawezi kula wazo, na mifereji ilikuwa inalipa. Lakini sisi wote tunamujua huyu mutu. Ni yule fundi wa mu kartie mwenye moteri sita zilizofunguliwa mu lupango, na hakuna moja yenye kunguruma.

John Roebuck, mwenye mine ya makaa yenye kujaa maji, alilipa deni yake, paundi 1,000, akachukua sehemu mbili juu ya tatu za kazi. Mu 1769 wakapata breve, karatasi ya serikali yenye kukataza wengine kuiga. Mashini moja ikajengwa karibu na nyumba ya Roebuck, lakini haikutumika muzuri, nayo Watt akarudia ku mifereji yake. Mu 1773 Roebuck akaanguka mu biashara. Mwaka ule ule, Watt akiwa mbali ku kaskazini, anapima mufereji mwingine, habari ikamufikia ya kama bibi yake yuko mu taabu ya kuzaa. Alirudi amechelewa. Bibi alikuwa amekufa.

Mu 1774 alihama, akaenda Birmingham kwa Matthew Boulton, mwenye atelie kubwa, aliyechukua sehemu ya Roebuck. Kwa mawazo yetu, bila Boulton jina ya Watt haingekuwa ku ampuli. Boulton alibeba feza, wanunuzi na mabishano. Watt akabakia na mashini. Mifereji ikaisha.

Na ile silinda? Watt aliitafuta miaka yote kwa nyundo, kumbe dawa ilikuwa kwa mutu mwingine. John Wilkinson alikuwa na mashini ya kutoboa mizinga ya vita. Akatoboa nayo silinda ya upana wa sentimeta 127, na kasoro yake haikufikia unene wa kipande cha feza. Haikuwa kamili. Ilitosha. Mu mwezi wa tatu 1776 mashini ile ikaanza kuvuta maji mu mine ya makaa ya Bloomfield, mbele ya watu.

Kisha, mine za shaba za Cornwall. Kule hakuna makaa, yanakuja na mashua, bei kali. Watt na Boulton waliomba walipwe sehemu moja juu ya tatu ya makaa yenye kuokolewa. Wenye mine walifurahi na mashini, ku kulipa wakanungunika. Boulton hakumuacha apumzike: alimusukuma mpaka mashini ikazungusha gurudumu, breve ya 1781. Wao wawili walifanya hivi mpaka 1800, breve ilipoisha, Watt akaacha kazi akiwa tajiri.

Alijitengenezea atelie ndogo chini ya dari la nyumba yake. Mule alianza mashini mbili za kunakili sanamu. Zilitoa vichwa vidogo vya muzuri, akavigawia rafiki, lakini hakuziona kama zimekamilika. Boulton alikufa 1809. Hakuna aliyekuja kugonga mulango tena. Watt alikuwa akizirekebisha mpaka alipokufa mu mwezi wa nane 1819, na umri wa miaka 83, mbele ya kuomba breve. Walifunga chumba na vyombo vyote ndani. Mu 1924 vikabebwa London mu musée, na zile mashini mbili zingali pale.