Mwaka wa Mwisho wa Mwalimu Edinburgh

Vitabu vya kumbukumbu za mahekalu kwa desturi husimulia maisha ya watakatifu na waasisi wa dini. Safari hii tumeona vyema kuandika habari za mtu ambaye hakuwa Mhindu, bali Mkatoliki aliyezaliwa Butiama, kando ya Ziwa Viktoria, mbali kabisa na bonde letu la Kilombero. Sababu yetu ni moja. Kila mwaka vijana wa Viwanja Sitini, wa familia zetu na za majirani zetu, huondoka kwenda kusoma mbali, wengine Dar es Salaam, wengine India, wengine Ulaya. Wazazi huwahesabia miaka, na katika mwaka wa mwisho huanza kujiuliza swali ambalo hawathubutu kulitia katika barua: je, atarudi? Na akirudi, atatukuta tungali watu wake?

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa mwaka 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki na Mama Mgaya wa Nyang'ombe. Alianza shule Mwisenge, Musoma, akiwa na umri wa miaka kumi na miwili hivi, akaenda Tabora, kisha Makerere, akarejea Tabora kufundisha katika shule ya Mtakatifu Maria. Hayo yanajulikana na kila aliyepita darasani nchini mwetu, nasi hatuna haja ya kuyarefusha.

Mwaka 1949 alikwenda Uingereza kwa ufadhili wa serikali ya kikoloni, na mwezi wa Oktoba mwaka huo akaanza masomo katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti. Baba yake alikwisha kufariki. Nyuma aliwaacha mama yake na ndugu waliomtegemea, tena alimwacha mchumba, Maria Gabriel, mwalimu kama yeye. Mtu wa umri wa miaka ishirini na saba, mwenye mchumba na mama mjane, si mtoto anayekwenda kutazama dunia. Kila mwaka anaokaa ugenini ni mwaka anaowadai wenzake subira.

Wasomaji ambao hawajauona mji ule na wafikirie hali yake. Mwezi wa Desemba jua la Edinburgh huchomoza karibu saa tatu kasorobo asubuhi, na kabla ya saa kumi alasiri limekwisha kuzama. Mwezi wa Juni huwa kinyume, na mwanga wa jioni hukawia hadi karibu saa nne usiku. Mtu aliyezoea siku na usiku zinazogawana saa sawasawa, kama zinavyogawana kwetu, huko hupoteza hata kipimo cha siku. Tena Uingereza ilikuwa bado inauguza majeraha ya vita. Chakula kilitolewa kwa mgao. Chai ilibaki katika mgao hadi Oktoba 1952, sukari hadi 1953, na nyama hadi 1954. Sisi tunaokaa katika bonde la miwa na mpunga tunaweza kutabasamu tukisikia kwamba kijana wa Tanganyika alikwenda kwa wenye dola na kukuta sukari inapimwa kwa kadi.

Masomo aliyochagua hayakuwa ya kumpatia kazi nono. Alisoma fasihi ya Kiingereza, uchumi wa siasa, anthropolojia ya jamii, historia, sheria ya katiba na falsafa ya maadili. Baadaye alikiri kwamba fikra zake zote za siasa zilijengeka huko, kwa kuwa alikuwa na wasaa wa kusoma na kutafakari. Nasi twaongeza kwamba wasaa huo ulikuwa na bei. Mwanafunzi aliye mbali na kwao huwa na jioni ndefu, na jioni ndefu humrudisha mtu nyumbani kwa mawazo, apende asipende.

Na nyumbani kwenyewe, mwaka ule wa mwisho, hakukuwa na utulivu. Mnamo Novemba 1951 serikali iliwahamisha kwa nguvu Wameru wa Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi Umoja wa Mataifa kuwasemea watu wake. Huko Afrika ya Kati Wazungu walikuwa wakishinikiza kuundwa kwa Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland, na jambo hilo lilijadiliwa sana Uskoti, kwa kuwa wamisionari wa huko walikuwa na uhusiano wa siku nyingi na Nyasaland. Mwanafunzi wetu alikuwa miongoni mwa waliolipinga. Hamu ya nyumbani, kwa hiyo, haikuweza kubaki hamu ya ugali na lugha ya mama peke yake. Ilimlazimu aulize nyumbani ni kwa nani.

Jibu aliliandika angali Edinburgh, katika makala juu ya tatizo la rangi katika Afrika ya Mashariki, ambayo baadaye iliingizwa katika mkusanyo wake uitwao Uhuru na Umoja. Hapa ndipo sisi wa hekalu hili tunapopaswa kusoma taratibu. Makala ile ni kali. Haiwafichi Wazungu wala Wahindi kwamba wachache hawawezi kuendelea kuwatawala wengi, wala kushika uchumi wote, wakatazamia amani. Kijana mwenye uchungu wa mbali, anayesikia habari za Meru, angeweza kumalizia hapo, au kusema kwamba wageni wafungashe virago. Hakusema. Aliwataka Wazungu na Wahindi wajihesabu kuwa raia wa kawaida wa nchi, waache kudai haki ya kuzaliwa juu ya wenzao, na akaongeza kwamba Waafrika nao wasidai haki ya namna hiyo. Nyumba aliyoitamani kutoka mbali ilikuwa na nafasi ya babu zetu, kwa sharti la kuingia kwa mlango uleule wanaoingilia wengine.

Alihitimu shahada yake mwaka 1952, na Oktoba mwaka huo akarejea. Mwezi huohuo hali ya hatari ilitangazwa Kenya. Alirudi Butiama, akajenga nyumba kwa mikono yake mwenyewe, na watu wa kijiji wakastaajabu kumwona msomi wa Ulaya akikanyaga udongo. Januari 1953 alimwoa Maria. Wengi miongoni mwetu humkumbuka Bapu Gandhi, ambaye naye alikaa Uingereza takriban miaka mitatu, kuanzia 1888 hadi 1891, akiwa amemwacha mke na mtoto mchanga. Yeye alipofika Bombay aliambiwa kwamba mama yake, Putlibai, amekwisha fariki, nao nduguze walikuwa wamemficha habari hiyo ili asiipokee ugenini. Mwalimu alijaliwa zaidi. Mama Mgaya aliishi akamwona mwanawe akiongoza nchi, akamwona pia akistaafu.

Maneno ya mwanafunzi ni rahisi, watasema baadhi. Basi tutazame yaliyofuata. Mwaka 1958 alipofikishwa mahakamani kwa makala iliyowakashifu maofisa wa serikali, miongoni mwa mawakili waliomtetea walikuwa K. L. Jhaveri na Mahmud Rattansey, wote wa asili ya Bara Hindi. Alitozwa faini, akailipa. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Yeye, akiwa Waziri Mkuu, alikataa kwa hasira, akaliambia Bunge kwamba serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kupima uraia kwa rangi. Alikuwa akiliweka rehani jambo alilolifanyia kazi tangu aliporejea.

Hatutaficha upande wa pili. TANU haikuwafungulia wasio Waafrika milango ya uanachama hadi 1963. Na mwaka 1971, sheria ya kutaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 iliwaangukia zaidi Waasia. Wengi waliona nyumba walizojenga kwa akiba ya maisha zikiondoka kwa siku moja, nao wakahama nchi. Sheria haikutaja rangi, lakini aliyepoteza nyumba hakufarijika kwa hilo. Kwa maoni yetu, uchungu ule ulikuwa wa kweli, na ahadi ya Edinburgh nayo ilikuwa ya kweli. Waliobaki walibaki wakiwa raia, na watoto wao ndio wanaoandaa kitabu hiki pamoja na majirani zao.

Mwalimu alifariki tarehe 14 Oktoba 1999, katika hospitali mjini London, akiwa tena ugenini nchini Uingereza. Oktoba ileile alirejeshwa kwa mara ya mwisho, akazikwa Butiama.