Joginder Singh, Simba Aliyezaliwa Penye Matope

Kutoka Fort Ternan, kituo kidogo kwenye reli iendayo Kisumu, nchi hupanda kilima baada ya kilima mpaka ikafika kwenye mashamba ya chai ya Kericho. Ni nchi ya mvua. Mawingu hukusanyika karibu kila alasiri, na barabara isiyotiwa lami hugeuka matope mekundu yenye utelezi. Katika nchi hiyo ndimo alimozaliwa marehemu Joginder Singh, tarehe 9 Februari, 1932. Dereva ambaye sifa zake zilifika hata kwetu pwani.

Wazee wake walikuwa Makalasinga waliotoka Punjab, Bara Hindi. Sisi watu wa Mombasa twawajua Makalasinga tangu siku za kutengenezwa reli: maseremala, wahunzi na mafundi wa mashine. Joginder naye alikulia katika ufundi. Alijifunza kazi ya magari katika gereji ya baba yake, kisha akaajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, kazi yake ikiwa ni kuzunguka barabarani kuwasaidia waliokwama. Basi kabla hajashindana na mtu yeyote, alikwisha kujua gari huharibika wapi, na kwa sababu gani.

Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, kwa ajili ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Siku hizo yalifanywa wakati wa Pasaka, masika yanapoanza. Magari yalikwenda maelfu ya kilomita, usiku na mchana, katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963 ni magari saba tu yaliyofika mwisho. Na tangu mwanzo hadi mwaka 1964, kila dereva aliyenyakua ushindi alikuwa Mzungu.

Mwaka 1965 Joginder aliingia na ndugu yake Jaswant katika gari aina ya Volvo PV544, gari ambalo si jipya, lililokwisha kutumika. Wengi hawakuwatia maanani. Lakini fundi yule alijua kulisikiliza gari lake: alijua wapi pa kulikimbiza na wapi pa kulipumzisha. Mafundi wale wawili wenye vilemba wakawashinda wote.

Msomaji akumbuke hali ya siku hizo. Kenya ilikuwa imepata uhuru Desemba 1963, na Wahindi wengi walikuwa wakiulizwa, na kujiuliza wenyewe, kama wao ni wananchi au ni wageni. Mwaka 1968 maelfu yao walifunga mizigo wakaenda Uingereza. Katikati ya mashaka hayo, watu waliosimama kando ya barabara walimshangilia Kalasinga mmoja kuwa ni wao, wakampa jina la Simba wa Kenya. Jambo hilo halikuletwa na hotuba wala sheria. Lililetwa na kazi yake.

Baadaye makampuni makubwa ya ng'ambo yalileta magari yenye nguvu na madereva wa kulipwa. Mwaka 1972 Hannu Mikkola wa Finland akawa mgeni wa kwanza kuyashinda mashindano hayo. Watu wakadhani zamani za wenyeji zimekwisha. Lakini mwaka 1974 Joginder, pamoja na David Doig, alikuja na Mitsubishi Lancer ndogo ya sisi 1600. Björn Waldegård wa Sweden, katika Porsche yenye mbio kuliko hiyo, akawa wa pili. Mwaka 1976 Joginder na Doig wakashinda tena, na Lancer nyingine mbili zikawafuata katika nafasi ya pili na ya tatu. Kwa hiyo akawa dereva wa kwanza kuishinda Safari mara tatu. Shekhar Mehta, Mkenya mwingine mwenye asili ya Kihindi, ndiye aliyekuja kumpita, kwa kushinda mara tano.

Joginder alifariki London Oktoba 2013, akiwa na umri wa miaka 81. Alifia mbali na vilima vya chai alikozaliwa, lakini Kenya haikumhesabu mgeni. Vijana wanaodhani udereva ni kukanyaga mafuta tu, na wayatazame maisha yake. Wengi walikuwa na magari yenye mbio kuliko lake, wakayaacha matopeni. Yeye alilitunza lake, likamfikisha. Wazee walisema kweli: mwenda pole hajikwai.