Roy Thomson na Televisheni ya Scotland

Wako watu wanaodhani ya kuwa televisheni ya biashara ni kazi ya mafundi na wachezaji tu. Twaona yafaa kuwaeleza habari za Roy Thomson, aliyefariki London mwaka 1976, kwa maana maisha yake yaonyesha wazi ni mali ya nani inayouzwa mtambo unapowashwa.

Thomson hakuzaliwa tajiri. Alizaliwa Toronto, Kanada, mwaka 1894, na baba yake alikuwa kinyozi. Macho yake yalikuwa dhaifu hata jeshi likamkataa katika Vita Kuu ya kwanza. Alipokuwa akiuza redio kaskazini ya Ontario, aliona kwamba watu hawana haja nazo, kwa sababu stesheni za mbali hazikusikika vizuri kule. Basi mwaka 1931 akafungua stesheni yake mwenyewe katika mji wa North Bay, ili redio zake zipate la kusema. Baadaye yakaja magazeti, kuanzia lile la Timmins mwaka 1934.

Alikuwa karibu na umri wa miaka 60 alipolinunua gazeti la The Scotsman la Edinburgh, mwaka 1953. Mwaka uliofuata Bunge la Uingereza, lililokuwa mikononi mwa Wakonsavativu, lilipitisha sheria ya kuruhusu televisheni ya biashara, ijapokuwa chama cha Labour kiliipinga kwa nguvu. Mitambo ya kurushia picha ilikuwa mali ya halmashauri ya umma. Kila kampuni ilipewa jimbo lake, ikalipa kodi ya mitambo, ikatayarisha vipindi, na kujipatia fedha kwa kuuza nafasi za matangazo. Kibali chenyewe kiligawiwa. Hakikuuzwa kwa mnada.

Thomson aliomba jimbo la kati la Scotland. Aliwaendea matajiri wa huko wanunue hisa, na wengi wakakataa, maana kampuni za kwanza zilikuwa zikipata hasara. Mwishowe akabaki na hisa 80 katika kila 100. Jumba la michezo la Theatre Royal, mjini Glasgow, likageuzwa studio, na tarehe 31 Agosti 1957 Scottish Television ikaanza kutangaza.

Faida ilimiminika upesi, na waliokataa wakajuta. Thomson mwenyewe alikifananisha kibali kile na ruhusa ya kujichapia noti. Watu wengi walicheka. Sisi twaona alisema kweli tupu. Kilichouzwa kwa wenye sabuni na sigara kilikuwa macho ya wafanya kazi wa Glasgow, waliokaa nyumbani jioni baada ya kutoka viwandani na kwenye magati ya kuundia meli. Na walipewa nini? Vipindi vingi vililetwa kutoka kampuni za London na Manchester, na vile vya Scotland yenyewe vililalamikiwa kuwa ni vya bei rahisi.

Hatupendi kumnyima haki yake. Hakuwa na desturi ya kuwaamuru wahariri wake waandike nini, na mwaka 1962 alianzisha mfuko wa kuwafundisha waandishi wa mataifa machanga, pamoja na chuo cha televisheni karibu na Glasgow. Lakini fedha za kutoa sadaka hiyo zilikuwa zimepatikana kwa njia tuliyokwisha kuieleza. Kwa nguvu ya faida hiyo hiyo aliyatwaa magazeti ya Kemsley mwaka 1959, The Sunday Times likiwamo. Mwaka 1964 akafanywa Lord, na miaka miwili baadaye akafikia mapatano ya kulichukua The Times.

Mwaka huo wa 1964 ndipo serikali ilipoanza kutoza kodi maalumu juu ya mapato ya matangazo ya televisheni. Kadhalika halmashauri ilimtaka Thomson apunguze hisa zake, hata ilipofika mwaka 1968 alibakiwa na 25 katika kila 100. Magazeti aliyokwisha kuyanunua hayakuguswa.