Chevreul: Mwanakemia aliyefumbua siri ya sabuni

UKIKAMUA ndimu ndani ya maji ya sabuni ya mche, povu hufifia na maji kugeuka meupe mithili ya maziwa. Aliyetufumbulia kiini cha badiliko hilo ni Mfaransa Michel Eugène Chevreul.

Alizaliwa Agosti 31, 1786 mjini Angers, akiwa mwana wa daktari. Mnamo 1803 alihamia Paris, akasomea kemia chini ya Nicolas Vauquelin.

Mwaka wa 1811 alianza kuchunguza sabuni iliyotengenezwa kwa mafuta ya nguruwe. Wakati huo, wengi waliamini kuwa sabuni ni mafuta yaliyoungana na alkali, basi. Chevreul aliitia asidi, na mafuta ya awali hayakurudi. Kilichojitenga kilikuwa kitu kipya, asidi ya mafuta. Kitabu chake kuhusu utafiti huo kilichapishwa mnamo 1823.

Ugunduzi huo haukumtajirisha. Mnamo 1825, yeye na mwenzake Gay-Lussac walisajili hataza ya mishumaa ya asidi hizo, lakini biashara haikufua dafu. Wengine ndio waliokuja kuiboresha na kuvuna faida.

Hata hivyo, asidi hizo zilikuwa na siri nyingine iliyojulikana baadaye sana. Kila molekuli yake ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakwepa. Alkali ikiwa nyingi, vichwa hubeba chaji na kusukumana, hivyo molekuli hujikusanya katika vitonge vidogo mno. Asidi ikiongezwa kiasi, baadhi ya vichwa hupoteza chaji na kushikana na vingine. Molekuli hujipanga safu mbili, zikawa utando unaojikunja kuwa kifuko chenye maji ndani. Asidi ikizidi, kifuko huvunjika na kubaki matone ya mafuta.

Vifuko hivyo vilielezwa na wanasayansi Gebicki na Hicks mnamo 1973. Baadhi ya wanaochunguza chimbuko la uhai wanahisi kuwa seli za kwanza duniani zilifunikwa na tando za aina hiyo.

Chevreul mwenyewe hakuacha kazi mapema. Aliongoza idara ya rangi katika kiwanda cha mazulia cha Gobelins kuanzia 1824, na Ufaransa ikamwandalia sherehe alipotimiza karne mnamo 1886.

Alifariki Aprili 9, 1889 akiwa na umri wa miaka 102. Jina lake ni miongoni mwa majina 72 yaliyoandikwa kwenye Mnara wa Eiffel.