Maisha ya Johannes Rebmann, Aliyebaki Rabai

Kila tunapohesabu miaka ya Kanisa letu, hatuna budi kumkumbuka Bwana Johannes Rebmann. Wengi wamjua kwa habari ya theluji ya Kilimanjaro. Lakini sisi twaona kwamba kazi yake iliyo kubwa zaidi ni hii: mwenziwe alipoondoka, yeye alibaki.

Alizaliwa Gerlingen, katika nchi ya Ujerumani, tarehe 16 Januari 1820. Akasoma Basel, kisha Uingereza, akatumwa na chama cha C.M.S., akafika Mombasa mwezi wa Juni 1846, naye ni kijana wa miaka 26. Alimkuta huko Dakta Ludwig Krapf, aliyetangulia tangu mwaka 1844, na ambaye alikuwa amekwisha kumzika mkewe na mtoto wake mchanga. Mwezi wa Agosti wakapanda wote wawili kwenda Rabai, miili yao imedhoofika kwa homa. Wazee wa Rabai wakawapokea, wakawapa mahali pa kujenga.

Tarehe 11 Mei 1848, Rebmann akiwa safarini kwenda Uchaga, aliuona mlima wa Kilimanjaro na weupe wa kilele chake. Baadhi ya wataalamu wa Ulaya walikataa kusadiki, hata wasafiri wengine walipofika baadaye wakaona kwamba ni kweli.

Mwaka 1853 nguvu za Dakta Krapf ziliisha, akarudi kwao. Bwana Jakob Erhardt naye akaondoka mwaka 1855. Wakabaki Rebmann na mkewe Emma, na Wakristo wa kuhesabika kwa vidole. Mringe yule kiwete, aliyebatizwa wa kwanza, alikuwa amekwisha kufa. Mwaka 1857 vita vya Wamasai viliwafukuza mpaka Unguja, lakini wakarudi. Dakta Krapf alikuja tena mwaka 1862 kuwasaidia Wamethodisti kuanza kazi Ribe, asiweze kukaa. Na mwaka 1866 Bibi Emma akafa.

Je, mtu huyu alifanya nini katika upweke ule? Alifundisha wachache waliokuja, akaandika maneno. Aliketi na Salimini, mtu wa upande wa Nyasa aliyeuzwa utumwani, akakusanya maneno ya lugha yake; akakusanya na ya Warabai. Macho yake yakapungua nuru hata akawa karibu kipofu. Wageni waliomzuru waliona kundi dogo tu, na wengine wakadhani amepoteza miaka yake bure.

Mwaka 1875, wajumbe wapya wa C.M.S. walipokwisha kufika, alirudi Ulaya baada ya miaka 29, akiongozwa mkono na Isaac Nyondo, mwana wa Abbe Gunja, Mkristo wa Rabai. Akakaa Korntal karibu na Dakta Krapf, akafa huko tarehe 4 Oktoba 1876. Mwaka uliofuata Dakta Krapf akakichapisha kitabu cha maneno ya Kinyasa alichokiacha mwenziwe. Naye akafa mwaka 1881, akazikwa Korntal vilevile.

Basi, ndugu walimu, mnaofundisha mahali padogo ambapo wenzenu wamehamishwa, msikate tamaa kwa uchache wa watu. Waliokuja Rabai baada yake hawakuanza porini: walikuta nyumba, maneno yaliyoandikwa, na Wakristo waliojua kusali. Hayo yalitunzwa na mtu mmoja aliyekubali kubaki.