Alexis Kagame na deni tunalowawia wazee wetu

Mwalimu akilitaja jina la Kagame darasani siku hizi, wanafunzi humfikiria rais wa Rwanda. Ni wachache mno wanaokumbuka kwamba kabla yake alikuwapo Kagame mwingine, padri, mshairi, mwanafalsafa na mwanahistoria wa chuo kikuu, ambaye alifariki dunia mjini Nairobi mwezi Desemba 1981. Huyo ndiye Alexis Kagame. Kwa maoni yangu, maisha yake yanafaa kusomwa na kila mwalimu na kila mwanafunzi anayejali kumbukumbu za watu wake, kwa sababu ya mema aliyoyatenda na pia kwa sababu ya kasoro ambazo wasomi waliomfuata walizibaini katika kazi yake.

Mimi ni mwanaisimu, wala sidai kuwa mwanahistoria. Hata hivyo, Kagame ni miongoni mwa wale wachache waliouvunja ukuta baina ya taaluma hizi mbili, na mtu wa lugha hawezi kumpita bila kumwamkia.

Alizaliwa mwaka 1912 huko Kiyanza, katika ukoo uliokuwa na uhusiano wa karibu na baraza la Mwami, yaani mfalme wa Rwanda. Wakati huo nchi ilikuwa chini ya Wajerumani. Alipokuwa mtoto mdogo Wajerumani wakaondolewa na Wabelgiji wakaingia. Alisomeshwa na wamisionari, akaingia seminari ya Kabgayi, na mwaka 1941 akapewa daraja la upadri. Katika miaka hiyo alifanya kazi pia ya uhariri katika Kinyamateka, gazeti la Kanisa Katoliki lililoanzishwa mwaka 1933 na lililoandikwa kwa Kinyarwanda. Kwa hiyo kalamu yake ilinolewa kwanza katika lugha ya mama, kisha ndipo ikageukia Kifaransa.

Ili kuufahamu uzito wa kazi yake, yafaa tuelewe jinsi Rwanda ya kale ilivyohifadhi kumbukumbu zake. Baraza la Mwami halikuacha historia ielee hewani. Walikuwapo abacurabwenge, waliokariri nasaba za wafalme na mama zao. Walikuwapo abasizi, waliotunga na kughani mashairi ya kuutukuza ufalme. Walikuwapo pia abiru, walinzi wa siri za mila na matambiko ya kiti cha enzi, ambao kila mmoja wao alikabidhiwa sehemu yake aihifadhi bila kukosea. Maarifa hayo yalikuwa amana, na aliyeyatoboa bila idhini alihatarisha maisha yake.

Kijana huyu wa seminari alitambua mapema kwamba walinzi wa amana hiyo walikuwa wakizeeka bila kupata warithi. Shule za wamisionari zilikuwa zimewavuta vijana, na mambo ya kale yalikuwa yameanza kuonekana ya kishenzi. Mwami Mutara wa Tatu Rudahigwa, aliyetawala kuanzia 1931 hadi 1959, alimkubalia awaendee wazee hao na kuyaandika waliyoyajua. Jambo hili lina ajabu yake. Rudahigwa alibatizwa mwaka 1943, na mwaka 1946 akaiweka nchi yake chini ya Kristo Mfalme. Mfalme Mkristo na padri Mwafrika ndio waliohangaika kuyaokoa matambiko ambayo dini yao mpya iliyapa kisogo. Kagame hakuona mgongano. Kwake yeye, kuandika alichoamini babu hakumlazimu mjukuu kukiamini.

Matunda ya juhudi hiyo ni mengi. Kati ya 1943 na 1947 alitoa kwa Kinyarwanda Inganji Karinga, historia ya ufalme iliyopewa jina kwa heshima ya Kalinga, ngoma ya enzi. Mwaka 1951 akachapisha utafiti wake juu ya mashairi ya baraza, baada ya kukusanya tungo zaidi ya 170. Alitunga pia utenzi mrefu mno wa Kikristo juu ya uumbaji na wokovu, akiuvika mtindo wa kale wa kuwasifu ng'ombe, na sehemu yake ya kwanza ikatoka kwa Kifaransa mwaka 1952. Wala hakuwa mtu wa kununa. Mwaka 1949 alitoa Indyohesha-birayi, utungo wa mzaha unaomsifu nguruwe, ambao jina lake lamaanisha kile kinachovitia viazi ladha. Wenzangu wa Kibirichia, ambao viazi ndivyo vinavyowasomeshea watoto, bila shaka wangeucheka utungo huo bila kuhitaji ufafanuzi wa profesa.

Mwaka 1952 alichapisha kitabu juu ya sheria na taasisi za utawala wa Rwanda kabla ya ukoloni. Kilionyesha kwamba nchi hiyo ilikuwa na utaratibu wake wa majeshi, ardhi, mifugo na madaraka kabla Mzungu hajatia mguu. Ukaribu wa padri huyu na baraza la mfalme haukuwapendeza watawala wa Kibelgiji, na mwaka huohuo akapelekwa Rome. Kama lengo lilikuwa kumnyamazisha, basi halikutimia. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Gregoriana, na mwaka 1955 akapata shahada ya udaktari katika falsafa.

Tasnifu hiyo, iliyochapishwa mwaka 1956, ndiyo iliyomfanya ajulikane duniani. Miaka 10 kabla yake, mmisionari Mbelgiji Placide Tempels alikuwa ameandika juu ya falsafa ya Wabantu kwa kutegemea zaidi hisia zake. Kagame alitaka ushahidi, na ushahidi akautafuta katika sarufi. Alidai kwamba ngeli za Kinyarwanda zinafichua makundi manne ya vyote vilivyopo: umuntu, kiumbe chenye akili, ikintu, kiumbe kisicho na akili, ahantu, mahali na wakati, na ukuntu, namna au hali. Sisi wa Meru, tunaosema muntu na kintu, hatuhitaji mkalimani wa kutufahamisha udugu huo wa maneno. Mwaka 1976 aliupanua utafiti huo uzihusishe lugha za Kibantu kwa jumla.

Hapa ndipo mwanaisimu anapolazimika kuuliza swali. Je, sarufi ni imani? Katika Kiswahili tunasema ng'ombe amekuja kama tunavyosema mtu amekuja. Simba, nyuki na hata siafu hufuata upatanisho uleule. Je, hii ina maana kwamba Waswahili huamini siafu ana akili kama mwanadamu? Tena tuna kiongozi, kijana na kipofu, wote watu wazima na akili zao, ilhali wamevikwa kiambishi cha kitu. Ngeli zina historia ndefu ya mabadiliko ya sauti, mfanano na mazoea, na si kila kiambishi kimebeba wazo. Mwanafalsafa wa Benin, Paulin Hountondji, alikosoa vilevile tabia ya kulipachika taifa zima falsafa moja isiyo na mwenyewe. Lakini hata anayempinga Kagame hana budi kukiri kwamba alitupa kitu cha kupingwa. Aliweka hoja yake katika data ya lugha, mahali ambapo yeyote aweza kuipima.

Aliporejea nyumbani mwaka 1958, nchi ilikuwa inatokota. Mwaka uliofuata Rudahigwa alifariki na mapinduzi yakaanza. Hatimaye ufalme alioutumikia kwa kalamu ukafutwa. Wengi waliokuwa karibu na baraza waliuawa au wakakimbia. Kagame alibaki, akafundisha seminarini na kisha katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda kilichoanzishwa Butare mwaka 1963. Alikuwa pia mjumbe wa kamati ya kimataifa ya wataalamu iliyosimamia Historia Kuu ya Afrika ya UNESCO, pamoja na akina Bethwell Ogot wa Kenya, Isaria Kimambo wa Tanzania na Walter Rodney. Katika miaka ya 1970 alitoa vitabu viwili vya muhtasari wa historia ya Rwanda, cha kwanza mwaka 1972 na cha pili mwaka 1975.

Sasa tuitazame kasoro. Mwanahistoria Jan Vansina, ambaye naye alifanya utafiti nchini Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1950, alionyesha kwamba Kagame aliisikiliza mno sauti ya baraza. Nasaba ya wafalme aliyoiamini ilirudi nyuma hadi karne ya 11, kwa kukadiria takriban miaka 33 kwa kila kizazi. Vansina aliifupisha sana. Katika kitabu chake cha mwaka 2001 alidai kwamba ufalme wenyewe ulianza karne ya 17. Zaidi ya tarehe, liko suala la nani alihojiwa. Washairi wa mfalme walimsifu mfalme. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yao. Mkulima wa kilimani, mwanamke aliyetwanga nafaka, na jimbo lililotekwa kwa mkuki walikuwa na masimulizi tofauti. Isitoshe, Kagame hakujitenga na nadharia ya wakati ule kwamba Watutsi walikuwa Wahamiti waliotoka mbali. Nadharia hiyo, iliyobuniwa na Wazungu, baadaye iligeuzwa silaha mikononi mwa wachochezi.

Itakuwa dhuluma kumbebesha marehemu damu ya mwaka 1994. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yana waliyoyapanga na waliyoyatekeleza. Lakini ni kweli pia kwamba baada ya maafa hayo serikali ya Rwanda ilisimamisha ufundishaji wa historia ya nchi shuleni kwa miaka kadhaa, maana hapakuwa na masimulizi ambayo watoto wote wangeweza kuyasikiliza wakiwa wameketi dawati moja. Walimu wenzangu, hebu litafakarini hilo. Somo ambalo wanafunzi wetu huliita la kukariri tarehe liligeuka kuwa hatari kiasi cha kufungiwa kabatini.

Kwetu Meru tumebahatika na tumezembea kwa pamoja. Padri Bernardo Bernardi aliandika juu ya Mugwe mwaka 1959. Jeffrey Fadiman aliwahoji wazee wetu, na kitabu chake kikachapishwa mwaka 1993. Tunawashukuru. Hata hivyo, kazi hizo ziliandikwa kwa Kiingereza na wageni, na sehemu kubwa ya maneno ya wazee wenyewe, kwa Kimeru chao, haipo katika maktaba ya shule yoyote niijuayo. Kila mzee anayezikwa Kibirichia huondoka na majina ya mito, miiko ya koo, na sababu za mipaka ambayo vijana wetu huigombania mahakamani.

Kagame alilifanya jambo hili akiwa na daftari na kalamu. Mwanafunzi wa leo ana simu yenye kinasa sauti. Naomba basi walimu wa historia na wa lugha washirikiane kuwatuma wanafunzi kwa wazee wakati wa likizo, kwa masharti matatu. Kwanza, maneno yaandikwe kwa lugha aliyoyasema mzee kabla ya kutafsiriwa. Pili, jina la msimulizi, mahali na tarehe visisahaulike, ili atakayetilia shaka ajue pa kuanzia. Tatu, tusiishie kwa wazee wa Njuri Ncheke peke yao. Tuwaendee nyanya zetu, wahunzi, na koo ndogo zisizoalikwa barazani. Sharti la kwanza tumejifunza katika ufanisi wa Kagame, na la tatu katika upungufu wake.

Aliwahi kuwafikia walinzi wa amana kabla kaburi halijawafikia. Kwa hilo anastahili heshima, na wajukuu wa Rwanda wa pande zote wana maandishi ya kuyasoma, kuyahoji na kuyasahihisha. Sisi ambao hatujaandika chochote hatuna hata cha kusahihisha.